Maskini wa Kila Alhamisi

Jumatatu, 2 Oktoba 2006

Nyama ya bure tena! Mwenye bucha mpya pale Dagoretti Market amekataa pesa zangu katakata. "Weka hiyo, Mzee Viraka. Najua vile hao watu wa TV wanakufinya." Akaniongezea na matumbo. Nikainamisha kichwa, nikakohoa kidogo kama Viraka, nikambariki. Nilikuwa natoka kukusanya kodi — vyumba kumi na vinne, vyote vyangu, nyuma tu ya bucha yake.

Miaka sita sasa. Kila Alhamisi jioni mimi ni Viraka kwenye televisheni, soja wa kulinda geti aliyefutwa kazi, koti moja, viatu visivyofanana. Nchi nzima inanihurumia. Kanisani akina mama huninunulia chai. Kinyozi hachukui kitu. Na mimi nashukuru na kupokea, kazi yangu ni kupokea.

Jioni, simu. Msichana anaitwa Cate, wa gazeti la Jumapili. Anataka kuandika ukurasa mzima juu yangu: maisha, kazi na mali. Nikamuuliza, mali gani? Akacheka tu. Sijakipenda hicho kicheko.

Jumatano, 4 Oktoba

Nimekutana na Cate mjini, hoteli moja ya Kimathi Street. Nilivaa shati lililochakaa makusudi. Mambo yalikwenda vizuri. Nikamweleza nilivyoanza kuigiza kwenye kumbi za makanisa, nilivyolala njaa miaka ya tisini, nilivyotembea kutoka Jamhuri hadi mjini kwa kukosa nauli. Hayo yote ni kweli.

Halafu akafunga kalamu. "Mzee, na Kwa Viraka je?"

Kwa Viraka gani?

Akasema alishuka Dagoretti akaulizia nyumba za kupanga, akaelekezwa: pita bucha, kata kushoto, ulizia Kwa Viraka. Kumbe ndilo jina la ploti yangu! Watu wazima wanalitumia kama anwani. Na mimi huenda pale nimevuta kofia hadi machoni, nikidhani sionekani.

Nyumba yangu ya Kileleshwa pia anaijua. Fleti, vyumba vitatu vya kulala, mpangaji mzungu. Nikasema ni ya binamu. Akaandika "binamu" huku anatabasamu. Makala itatoka Jumapili ya tarehe kumi na tano.

Sijala chakula cha jioni. Mke wangu Nanjala kaniuliza kama ni tumbo. Nikasema ni tumbo.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimempigia Mwololo, mtunzaji wangu wa ploti, nimfokee. Nani amesema nyumba ni zangu? Akashangaa.

"Lakini mzee, watu wanajua tangu tuchimbe msingi. Hakuna mtu ako na shida na wewe."

Na mwenye bucha?

"Huyo bado ni mgeni."

Nikampigia na Waweru, prodyusa wetu. Huyu ndiye niliyemwogopa. Niliona kabisa ananifuta: nani atamlilia soja mwenye fleti? Basi Waweru akapiga makofi kwenye simu! Akasema hiyo ni stori tamu, maskini wa TV kumbe ni landilodi, watu watatazama mara mbili. Hata wenye lile tangazo la unga wa ugali ninalocheza hawana neno, tayari amewauliza.

Kwa hivyo kazi iko salama. Nilipaswa kulala. Saa nzima nimekaa kitandani nikijiuliza bado naogopa nini, na najua vizuri sana.

Jumamosi, 7 Oktoba

Naogopa dada yangu Rachael. Acha niandike, hakuna anayesoma hapa.

Baba alipofariki nilikuwa darasa la tano. Rachael aliacha shule, akauza sukuma wiki Webuye ili mimi nivae sare. Hadi leo kila mavuno hunitumia gunia la mahindi kwa basi, eti ndugu yangu analala njaa Nairobi. Nalipokea. Nampa Mwololo, namkata kwenye mshahara. Hilo hata Nanjala halijui.

Mwaka jana binti yake, Becky, aliitwa chuo cha uuguzi. Rachael akanipigia, akizungukazunguka, ananiogopa mimi! Eti kama ningeweza kusaidia hata nusu ya karo. Nikasema sina, dada, unajua hizi kazi zetu. Akasema pole, samahani kukusumbua. Mwezi huo huo nilikuwa naweka vigae Kileleshwa. Becky yuko nyumbani mpaka sasa, anafundisha nasari ya kanisa. Na mwanangu Isaiah je, aliye shule ya bweni ya bei ile? Nilisema amefadhiliwa na wamishonari.

Mwanzoni nilikuwa sina kweli. Halafu zikaja pesa za tangazo la unga, nikaogopa foleni ya watu mlangoni. Nikasema nitamwambia nyumba ikiisha. Ikaisha. Nikaanza nyingine.

Na leo kapiga simu mwenyewe. Macho yamezidi kuharibika, karibu haoni, amepewa siku ya daktari huku Nairobi. Anafika Alhamisi, anarudi Jumatatu tarehe kumi na sita.

Atakuwa kwangu Jumapili. Mungu wangu! Jumapili hiyo hiyo.

Jumatatu, 9 Oktoba

Nimemsihi Cate aondoe habari za nyumba. Hataki. Kwa sauti ya upole akaniuliza kama kuna jambo la familia ningependa kuongeza. Nikakata simu, nikasingizia mtandao.

Nanjala hana huruma na mimi. "Mwambie dada yako kabla aambiwe. Na usinitume mimi, Zede. Kwa hiyo siri yako sitasema uongo, na sitasema ukweli. Huo ni wako."

Alhamisi, 12 Oktoba

Amefika. Amekonda. Alinipapasa uso pale kwenye basi, akasema nimenenepa kidogo, asifiwe Bwana. Amekuja na kuku wawili na ndizi, na dagaa wa omena kwenye gazeti.

Jioni tukatazama kipindi pamoja. Sijawahi kutazama nikiwa na Dada. Alivuta kiti hadi karibu aguse kioo, lakini nilijua anasikiliza tu. Leo Viraka alifukuzwa chumbani kwa kukosa kodi. (Mwenye nyumba aliigizwa na Lenox, ambaye kweli hana hata baiskeli.) Viraka akabeba godoro lake mvuani. Dada alikuwa analia! Analia kabisa, anajifuta kwa leso.

"Si ni mchezo tu, Dada?"

"Mchezo, ndiyo. Lakini hiyo sauti naijua. Ndivyo ulivyolia ile siku walikufukuza shule."

Nanjala akaondoka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ijumaa, 13 Oktoba

Daktari kasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kupasua ni kazi ndogo, hata wiki ijayo. Dada akauliza bei. Akaambiwa. Akanishika mkono, akasema basi tungoje, labda baada ya mavuno ya mwakani, ng'ombe akizaa.

Nikanyamaza.

Nilinyamaza! Nilikuwa na kadi ya benki mfukoni, nikaishika kwa vidole, na nikanyamaza. Maana nikilipa, ataniuliza pesa zimetoka wapi.

Jumamosi, 14 Oktoba

Nimemtembeza hapa Jamhuri asubuhi ili nimwambie. Nilikuwa nimejiandaa kama scene ya TV: nitaanza na pole, kisha nyumba, kisha Becky. Tukafika mpaka uwanja wa maonyesho. Nikasema, "Dada, kuna kitu." Akasema, "Sema, ndugu yangu." Nikamwambia ile miti ni mikubwa kuliko zamani.

Ndiyo, akasema, anaisikia.

Usiku nimepanga: kesho sinunui gazeti. Hasomi, haoni, Jumatatu anapanda basi. Webuye magazeti ni machache. Inaweza kupita. Mbona isipite?

Jumapili, 15 Oktoba

Haijapita.

Saa mbili asubuhi jirani yetu Wahu akaingia mbio, bila hodi, gazeti juu. "Mama, ndugu yako ako kwa gazeti! Ukurasa mzima!" Akalitupa kwenye mapaja ya Dada, akakimbia kanisani amechelewa. Naona hata yeye alikuwa hajasoma zaidi ya picha.

Dada akalikunjua kwa vidole. Akaniambia niketi, nimsomee. Nanjala alikuwa jikoni anakoroga uji, na niliusikia mwiko ukisimama.

Nikaangalia. Kichwa cha habari: "Viraka Ana Nyumba Kumi na Tano." Herufi kubwa namna hiyo. Picha yangu mbele ya geti la Dagoretti — imepigwa lini? Nimeshika kitabu cha kodi.

Nikafungua mdomo. Haki nilidhani ukweli ndio utatoka. Ikatoka sauti ya Viraka.

Nikasoma: "Mwigizaji huyu mpendwa angali anapanga nyumba ndogo katika mtaa wa Jamhuri." Nikasoma jinsi wakubwa wanavyomcheleweshea malipo. Macho yangu yanapita kwenye vyumba kumi na vinne na vigae vya Kileleshwa, mdomo unasoma njaa. Sikukwama hata mara moja. Nikaweka na aya nzima juu ya dada yake, muuza mboga wa Webuye aliyemsomesha. Hiyo haimo. Cate hajui kama nina dada. Nikaisoma na machozi yakanitoka, na yalikuwa machozi ya kweli.

Dada akagusa picha, pua karibu na karatasi. "Hii nyeusi nyuma yako ni nini?"

Geti. Geti la mchezo, Dada.

Dada akasema hajawahi kufikiri jina lake lingeandikwa gazetini akiwa hai. Akaita jikoni: "Mama Isaiah, niletee kitu nihifadhi hii isikunjike. Becky atanisomea kila jioni. Na Jumapili pasta atasoma mbele ya kanisa, hiyo ya mboga hata mara mbili."

Nikasema Dada, liache, nitakununulia lingine, hili Wahu atalitaka. Akalikumbatia kifuani.

Nanjala akatoka na bahasha ya kaki, ile kubwa. Hakuniangalia. Akatafuta kalamu kwenye droo, akaandika juu yake kwa herufi kubwa BECKY, akamkabidhi Dada, akarudi jikoni.

Basi linaondoka kesho saa mbili.

Sasa niko chumbani, nimesema natafuta miwani. Miwani iko usoni. Dada ananiita huko sebuleni. Kabla halijafungwa anataka nimsomee tena, polepole, tangu mwanzo, neno kwa neno, alishike kichwani — na mimi sikumbuki nilisoma nini.