Jogoo Chini ya Rangi

Shoga, nimejifungia stoo. Usipige simu, watasikia.

Yule mtafiti wa mashine kuukuu amekuja kuchunguza asili ya mashine ya kukereza vyuma ya marehemu mume wangu. Mwanangu anajigamba, "Baba aliinunua mpya."

Mtafiti akakwangua rangi pale mguuni. Rangi niliyopaka mimi kwa mkono wangu, mume wangu akiniambia inazuia kutu. Kutu, shoga.

Chini yake kuna jogoo aliyechongwa kwa patasi. Alama ya baba yako. Ndiyo mashine yenu iliyoibwa karakanani kwake.

Mwanangu akanigeukia: "Mama, huyu jogoo unamjua?"

Nikakimbilia huku. Nikikubali, namvua nguo baba yake. Nikikana, nakuibia wewe mara ya pili.

Njoo na kaka zako. Peke yangu ulimi hauinuki.