Fungate ya Watu Wawili

Jumapili, 7 Januari 2024

Moyo wangu umechoka. Daktari wa Maskati alitaka mwanangu Hamoud aingie ndani ndipo aseme. Nikamwambia: nimefundisha bayolojia maisha yangu yote, moyo naujua vyumba vyake, niambie mimi. Akaniambia. Ni wiki, si miezi. Ramadhani huenda nikaiona, huenda nisiione. Akanipa vidonge vya kutoa maji mwilini, akaniangalia kwa huruma. Ile huruma imeniudhi kuliko maneno yenyewe.

Nje Hamoud akauliza, "Kasemaje, Mama?" Nikasema nipunguze chumvi. Alisema hilo pia.

Simwambii mtu. Mjukuu wangu Shamsa harusi yake ni tarehe ishirini na tano. Wakijua, harusi itageuka kikao cha kungoja maiti, na fungate yake itakufa kabla yangu. Nawajua watu wa mji huu wa Bidiya, nimezeeka kwao. Mzee akiugua hakuna anayesafiri. Wanakuja wote, wanakaa, wanakunywa kahawa, wanamtazama.

Nimefika nyumbani nimekuta kompyuta juu ya mkeka, katikati ya sahani za tende. Shamsa anawaonyesha wazazi wake mpango. Kwanza mchangani, huko jangwani, hema moja la kifahari peke yake nyuma ya matuta — kitanda kama cha wafalme, beseni la kuogea nje, chini ya mbingu. Kisha pwani, Ras al-Hadd, chumba chenye bwawa lake na bahari mlangoni. Siku saba zote pamoja. Kwetu Unguja hiyo ndiyo fungate kamili.

Hamoud kalitazama beseni, akakohoa. "Hoteli hiyo ya pwani ina vyumba vingine?"

"Vipo, Baba."

"Basi tuchukue viwili vitatu. Mama yako hajaona bahari mwaka mzima. Na shangazi zako nao..."

"Na watoto wa dada yangu watakuwa wamefunga shule," akasema Moza, mkewe, kama aliyekumbuka jambo jema.

Shamsa kaifunga kompyuta polepole. Nikaisukuma sahani ya tende kwa hasira. Wakadhani njaa. Wakaniletea bakuli la harisa, ngano iliyopondwa na nyama.

Jumanne, 9 Januari

Kaja shemeji yangu Musallam, mdogo wake marehemu mume wangu. Mzee wa jangwani, ngamia zake ziko mchangani na yeye yuko mchangani. Mjini haji mpaka awe na ugomvi. Leo alikuwa nao.

Hata kahawa hakungoja imiminwe. "Nasikia binti yetu anakodi hema. Kwenye mchanga wangu! Analipa apate kulala mahali babu yake alipozaliwa?"

Hamoud akajaribu: "Ammi, ni mambo ya vijana, ni hoteli tu..."

"Hoteli gani haina ukuta? Watu watasema Musallam hana hema. Watasema Musallam hana mbuzi. Bwana na bibi harusi watapita mbele ya moto wangu kama watalii, na mimi nipunge mkono?" Kisha akatoa hukumu: atapiga mahema yake karibu na lao. Siku ya kwanza atachinja yeye. Ya pili binamu wa upande wa kusini. Ya tatu watakuja watu wa kijiji cha Wasil.

Hapa ndipo kosa la hawa watoto. Mtu wa kabila hili akitaka faragha, aende Uturuki, aende Malaysia. Mchangani kwao hakuna kujificha. Musallam anajua gari la nani limepita kwa kuangalia alama ya tairi, na akishajua mgeni yupo, kutomchinjia ni kujivua nguo mbele za watu. Lakini Shamsa hataki Uturuki. Anautaka mchanga huu, aliocheza utotoni. Anataka auone mara moja bila shangazi mbele yake. Ni dhambi hiyo?

Nikasema, "Shemeji, wanataka kuwa wawili."

Akacheka. "Mwalimu, watakuwa wawili maisha yao yote."

Mwongo. Mwongo mkubwa.

Jumatano, 10 Januari

Niandike hili, maana sijapata kumwambia mtu, na waliolijua karibu wote wamekwisha.

Niliposhuka kwenye ndege kutoka Unguja nilikuwa mwalimu kijana mwenye sanduku moja la vitabu. Khalfan alikuwa anaendesha lori la shule. Tulioana. Akaniahidi safari: atanipeleka mchangani, kisha tufuate matuta hadi baharini, mimi na yeye. "Utaogelea," akaniambia. "Nitakaa nikulinde, nitatazama upande mwingine." Nilicheka wiki nzima.

Asubuhi ya kuondoka nikapanda mbele. Nyuma ya lori wakapanda mama yake, dada zake, bibi asiyeona, na Musallam, kijana wakati huo, amekumbatia mbuzi wa safari. Khalfan akanitazama. Hakuweza kuwaambia washuke. Nami sikumwambia aseme. Baharini niliketi na wanawake nyuma ya pazia la khanga nikichambua samaki. Sikuingia majini hata mguu.

Tulikaa kwenye ndoa mpaka alipokufa, na sikumbuki siku moja, kutwa moja, tuliyokuwa peke yetu. Usiku, ndiyo. Usiku wa kunong'ona, mama yake nyuma ya ukuta. Nilimpenda mno. Hilo ndilo ungamo langu, na aibu ninayoiona hapa ni ya kitoto kwa bibi kizee kama mimi. Nilimpenda, na nilimpata kwa vipande vipande, kama sadaka.

Alipokuwa anakata roho chumba kilijaa wanaume. Wema wote, wanasoma, wanalia. Mimi mkewe nilikaa mlangoni, penye viatu. Aliinua kichwa ananitafuta. Niliona. Nikainuka, mtu mmoja akanizuia kwa upole: "Kaa, dada, tupo sisi."

Wapo wao. Sijawasamehe hadi leo. Nimewapikia, nimewasomeshea watoto, na sijawasamehe.

Ijumaa, 12 Januari

Azzan kaja kusalimia baada ya swala. Ndiye bwana harusi. Mhandisi wa maji, kijana mzuri, adabu imemzidi. Nikamwita chumbani kwangu, Shamsa yupo.

"Umemwambia Musallam nini?"

Akatazama zulia. "Nimemwambia Mungu amzidishie, Bibi."

"Yaani umekubali!" Shamsa kageuka kama kaungua. "Azzan, wewe umekubali?"

"Nilikwenda kukataa. Wallahi nilikwenda kukataa."

"Kisha?"

"Akanipeleka zizini. Akanionyesha mbuzi mmoja mmoja, na majina yao. Huyu wa siku ya kwanza, huyu wa siku ya pili. Mtu ameshakutajia mbuzi kwa majina, utamwambiaje hapana?"

Shamsa akacheka, kisha cheko likamgeukia kilio. Akamwambia: "Basi kaoane na mbuzi." Akatoka.

Nilimsema yule kijana hadi pumzi ikaniishia. Nilimwambia adabu isiyojua kusema hapana ni woga uliopigwa pasi. Nilimwambia mume wangu alikuwa hivyo hivyo. Hilo la mwisho sikukusudia litoke. Akauliza polepole, "Babu Khalfan?" Nikamfukuza.

Jumatatu, 15 Januari

Miguu imevimba, viatu havinitoshi. Navaa ndara za Hamoud na kusema ni kwa ajili ya baridi ya sakafu. Moza ameona vidonge. "Vya nini hivi, Mama?" Vya chumvi, nikamwambia. Amenitazama sana. Moza si mjinga, mdomo tu ndio hauna mlango. Akijua yeye, kundi zima la familia kwenye WhatsApp litajua kabla hajakaa.

Hamoud kashaagiza vyumba vya pwani. Nimemwambia avifute. Akasema, "Mama, unakuwa mkali bure siku hizi." Bure!

Jumamosi, 20 Januari

Nimekwenda kwa Musallam. Azzan alinipeleka kwa gari; tulipofika nikamtuma akatazame ngamia, akaenda bila kuuliza. Adabu ile ile, leo imenifaa.

Tuliketi. Watu wa hapa wakikutana lazima waulizane habari, na jibu la kwanza ni moja tu, hata kama nyumba yako inawaka. Akauliza, "Habari?" Nikasema, "Hakuna habari." "Habari?" akauliza yeye tena. "Hakuna." Tukanywa kahawa. Nikatikisa kikombe, yaani imetosha, nikakirudisha. Ndipo nikasema.

"Shemeji, nakufa. Moyo. Daktari hanipi hata Ramadhani."

Akachora mchanga kwa kidole. "Hamoud anajua?"

"Unajua wewe."

"Basi harusi iahirishwe," akasema, na akaanza kuinuka. "Au ifanywe kesho, na watoto wakae nyumbani kwako. Mtu anaachaje..."

"Kaa chini!" Sijapata kumpigia kelele maishani. Alikaa. "Nimekuambia wewe kwa sababu ulikuwa kwenye lile lori."

"Lori gani?"

Hakumbuki. Mbuzi alikuwa mikononi mwake, na hakumbuki. Kwake ilikuwa safari tu, nzuri, watu wakaimba. Nikamweleza. Nikamweleza na ile siku ya mlangoni, penye viatu. Nilisema kwa hasira, maneno yakitoka bila mpango, na mate. Mwisho nikamwambia: "Nataka mambo mawili. Ufunge mdomo. Na usiwachinjie."

Uso wake ulikuwa kama nimempiga kofi. "Unajua unaniomba nini? Bibi harusi wa nyumba yetu alale mchangani kwangu bila nyama. Na mke wa ndugu yangu anakufa, na mimi nijifanye sijui. Aibu mbili, Mwalimu. Moja isingekutosha?"

"Haitoshi."

"Khalfan hakupata kulalamika hata siku moja," akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Nami nina hasira naye kwa hilo."

Hakuahidi chochote. Alinisindikiza hadi garini, akamwambia Azzan aendeshe taratibu penye mawe. Azzan njiani kaniuliza kama nimelia. Nikamwambia atazame barabara.

Alhamisi, 25 Januari

Harusi. Nimekaa kwenye kiti kilichopambwa kama dukani, nimebusiwa na nusu ya mkoa. Shamsa kavaa kijani. Alipokuja kunibusu mkono alininong'oneza: "Bibi, Ammi Musallam hajanena lolote kuhusu mbuzi. Naogopa." Nami pia naogopa.

Musallam alikuja upande wa wanawake, mlangoni tu, kunisalimia. Watu kibao wanasikiliza. Akauliza, "Habari, Mwalimu?" Nikasema, "Hakuna habari." Macho yake yalikuwa mekundu. Akawageukia waliokuwepo, akasema kwa sauti: "Hakuna habari."

Ijumaa, 26 Januari

Wameondoka baada ya swala, gari moja, watu wawili. Nimehesabu vichwa mwenyewe dirishani. Hamoud kavifuta vile vyumba vya pwani. Sijui Shamsa alimwambia nini. Sina nguvu ya kuandika.

Jumapili, 28 Januari

Asubuhi Hamoud kaingia ananguruma. Ammi Musallam amepata wazimu, anasema. Tangu juzi ameegesha pikapu yake katikati ya njia iendayo kwenye lile hema, ametandika jamvi, anapika kahawa. Binamu wa kusini walikuja na mbuzi wawili na sufuria, akawaambia maharusi wameshakwenda pwani. Watu wa Wasil walikuja, akawaambia hivyo hivyo. Musallam! Mtu ambaye hajapata kudanganya hata umri wa ngamia anayemuuza. "Alama za tairi zipo pale wazi, Mama, kila mtu anaziona zinaingia na hazitoki. Na yeye anawatazama machoni anasema wamekwenda pwani. Mbuzi wake mwenyewe hajachinja hata mmoja. Ukoo mzima unamcheka."

Nilicheka. Hilo ndilo kosa langu la leo. Kicheko kikakosa pumzi, pumzi ikakataa kurudi, na Hamoud akaniona nilivyo. Akafunua miguu yangu. Akaona vidonge, akapiga picha chupa, akampigia mtu anayejua dawa. Sasa anajua.

Hakulia. Alinikasirikia, jambo lililonifurahisha. "Tangu lini? Tangu ile siku ya chumvi? Ulininyima habari ya mama yangu?"

"Nilikunyima. Na bado nakunyima ruhusa ya kuitoa."

"Nampigia Shamsa. Wako hapo tu, kwa gari ni muda mfupi. Akikukosa hatanisamehe."

"Usithubutu."

"Ana haki ya kujua!"

Ana haki, sikatai. Na ana haki ya siku ya leo, na kesho pwani. Nimekaa nyuma ya haki moja, nimebana mlango. Nimefunga chumba kwa ufunguo. Gari liko nje linaunguruma, wanataka kunipeleka hospitali, mjini Ibra. Nitakwenda. Sikatai kwenda, naogopa sana, Mungu wangu, naogopa kulala chali. Lakini nimemwambia Hamoud kupitia mlango: simu yako ipite hapa chini kwanza, ndipo nitafungua. Nami nikiwa nakata roho, chumba kisijazwe.

Naona kivuli cha miguu yake chini ya mlango. Anasema, "Mama, tafadhali." Namwambia simu. Anasema atauvunja mlango huu. Namwambia auvunje, yeye ndiye aliyeulipia.

Sikuikumbuka simu ya Moza.

Inaita sasa hivi, uani. Ni Shamsa, mlio wake naujua, Moza kamwekea mlio wa pekee. Labda anataka kusalimia tu. Nasikia ndara za Moza zinakimbilia. Na Hamoud, kwa sauti ya chini ambayo hakudhani itanifikia:

"Iache iite."

Bado inaita.