Mrudishie Yule Bwana Fedha Zake

Kariakoo, Dar es Salaam
Ijumaa, baada ya swala

Mama yangu mpenzi,

Asalamu alaikum, na shikamoo. Shikamoo hii ihesabu kuwa ni nyingi, maana wiki tatu sasa hujasikia sauti yangu, na najua umeshaanza kumuulizia kila anayeshuka basi la Dar kama mwanao bado yupo hai. Nipo. Ninakula, ninalala, na mwili haujakonda kama Bakari anavyotangaza. Naomba miguu yako iwe imetulia na lile jicho la kushoto liwe limeacha kutoa machozi. Kama dawa ya matone imekwisha, Bakari akupeleke hospitali, asikwambie ana shughuli. Shughuli gani, bao?

Barua hii nimempa Issa, mtoto wa shangazi, anayekuja Newala kwenye arobaini ya baba yake mdogo. Nimeandika kwa sababu nataka uisome mwenyewe, polepole, na miwani yako, siyo Bakari akusimulie nusu na nusu nyingine atunge.

Juzi alipiga simu hapa dukani kwa Mama Neema, ninakouza siku hizi, akinitafuta. Akaniambia kwa furaha kabisa, "Dada, usihangaike tena, mama ameshakuokoa." Nikamuuliza ameniokoa vipi. Ndipo akanieleza kuwa kuna bwana anapita vijijini kununua korosho zikiwa bado maua, kwamba amekubali kuchukua mavuno yote ya shamba lako ya mwaka huu, na ameshakuachia laki mbili za kutangulizia, nazo zimeshatumika nyumbani. Nyingine ataleta Jumatano ijayo, utie saini, hela zitumwe kwangu nilipe madeni. Nilikaa chini juu ya robota la vitenge. Mama Neema akadhani nimefiwa.

Unauza kangomba, mama. Wewe, uliyenuniana na shangazi mwaka mzima kwa sababu aliuza kangomba, ukamwambia mbele ya watu kwamba anayeuza maua ameuza na chakula cha mwakani. Mikorosho ile uliipanda peke yako baba alipoondoka, tumbo la Bakari likiwa mbele yako, na mimi nilikuwa nakushikia mbegu. Sitaki kuzunguka, kwa hiyo nasema sasa hivi: sikubali.

Nikupe ukweli wote, maana umeusikia vipande vipande, na vingi kutoka kwa watu wanaonitukana. Zile meseji zilizoingia kwenye simu ya Bakari, ya mwalimu wa madrasa na ya fundi cherehani, kwamba Somoe ni mwizi na ametoroka na fedha za watu, zilitoka kwa wakopeshaji wa kwenye simu. Ukikopa kwao wanachukua majina yote uliyonayo, na ukichelewa siku moja wanawaandikia wote. Hata yule mwanaume niliyemfukuza aliandikiwa. Akanipigia kunipa pole. Hiyo pole iliniuma kuliko matusi.

Sikuiba. Nilikopa. Mwaka jana nilichukua mkopo nikaagiza nguo za watoto za sikukuu, vigauni na vikanzu, mzigo ukachelewa, ukatoka bandarini siku nne baada ya Idi. Nani anamnunulia mtoto kanzu ya Idi wakati pilau limeshaliwa? Niliziuza kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo ningesema sina. Badala yake nikaingia kwenye kikundi cha akina mama kule Mchafukoge, mikopo ile watu wa hapa wanayoiita kausha damu, nikalipa deni la kwanza. Kisha nikakopa kwenye simu kulipa kikundi. Baada ya miezi sita nilikuwa nadaiwa na watu watano, na kila asubuhi naamka nikiwaza nimkope nani nimlipe nani.

Na katikati ya hayo ndipo nilipokuletea mabati. Ndiyo, mama, mabati ni ya mkopo. Na lile dera la sare, na lile beseni la vyombo nililokuja nalo kichwani kumtunza binti wa shangazi kwenye harusi yake, vyote vya mkopo. Ulisimama ukapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na mimi nilikuwa nacheza huku nawaza marejesho ya Jumatatu. Nisingeweza kuja mikono mitupu, watu wangesema Somoe wa Kariakoo amefulia. Sasa wamesema hivyo hivyo na sijafa. Ila mabati usiyatazame kwa uchungu. Katika madeni yote, hilo tu silijutii.

Sasa nikueleze ninavyotoka, maana bado nipo njiani.

Kikundi chetu kina utaratibu wake. Kila Jumatatu mnakaa uani, bwana wa marejesho anaita majina, na akipatikana mmoja mwenye hela pungufu, hakuna anayetoka. Geti linafungwa. Wanawake thelathini, wengine wameacha vibanda wazi, wengine maziwa yanawauma kwa ajili ya watoto waliobaki nyumbani, wote wanakutazama wewe. Hapo mtu yupo tayari kukopa popote. Ukishindwa kabisa wanakusindikiza wote mpaka chumbani kwako, wanabeba godoro na friji, na mtaa mzima unatoka kutazama. Friji la laki tatu wanakuandikia elfu hamsini.

Jumatatu moja niliamua kuwawahi. Nilipakia mwenyewe friji, televisheni na kabati kwenye guta la magurudumu matatu, nikamfuata mwenye guta kwa miguu mpaka mtaa wa Gerezani kwa mafundi wanaonunua vitu vilivyotumika, nikabishana nao bei mpaka saa sita mchana. Nikaenda kikaoni na hela mkononi. Bwana wa marejesho akaita jina langu.

"Nina ya leo na ile waliyonichangia wenzangu wiki iliyopita," nikasema. "Ya wiki ijayo sina, na sikopi tena kuipata."

Akacheka. "Dada, hii siyo sadaka eti unatoa unachojisikia. Utaratibu si unaujua? Tunakuja kwako."

"Njooni. Mtakuta mkeka na sufuria mbili. Mkeka wenyewe una tundu."

Wanawake wakaguna. Mmoja huko nyuma akasema, "Hebu muacheni aongee."

"Nilichoshika nitalipa chote," nikamwambia. "Faini juu ya faini silipi. Kesho saa nne nipo ofisi ya serikali ya mtaa, nimewaita wote wanaonidai. Na wewe njoo. Njoo na mkataba na leseni yako."

Mama, sauti haikutetemeka, na hiyo sauti ni yako.

Wazo la kwenda serikali ya mtaa nilipewa na Mama Neema, mwenye duka hili. Ni Mchaga wa Rombo, mkali wa hela, hajawahi kunikopesha hata mia, na sasa namshukuru kwa hilo. Siku niliyomlilia alinisikiliza mpaka mwisho huku anakunja vitenge, kisha akasema, "Wewe unawakimbia wote kama vile wote wana haki. Waite mezani uone nani atakuja." Akanipa daftari, akaniambia niandike kila mtu, nilichoshika na nilichokwisha lipa. Nilikuwa sijawahi kuandika. Niliogopa kuona.

Kati ya watano walikuja watatu. Wale wawili wa kwenye simu hawakutokea, walituma matusi. Mwenyekiti wa mtaa ni mzee mpole, anakohoa sana, nikadhani watamwonea. Alisoma mikataba yote mstari kwa mstari, kisha akamgeukia bwana wa marejesho. "Huyu alishika laki nane. Ameshakulipa laki tisa. Unamdai tena laki saba. Hesabu hii umesomea shule gani, mwanangu?" Yule bwana akasema ndiyo taratibu za ofisi. Mzee akamwomba leseni. Akasema ameisahau. Mzee akamwambia aende akaifuate, sisi tupo tu. Baada ya hapo akawa mtu wa kuongea vizuri. Tukakubaliana nimalizie laki mbili, kidogo kidogo kila wiki, faini zife. Na wale wengine wawili, ambao wao walikuwa na karatasi zao safi, walikubali niwalipe kwa muda mrefu zaidi bila kuongeza. Yote yameandikwa na kupigwa muhuri. Wale wa kwenye simu nitawarudishia nilichoshika tu. Waandike watakalo. Watu wote niliokuwa naogopa wangejua, wameshajua.

Fremu yangu ya duka nimeiachia. Sasa nauza kwa Mama Neema kwa mshahara, na wale waliozoea kuniita tajiri wananiita "wewe dada, shusha ile ya juu." Nashusha. Chumba nilichokuwa nalipia peke yangu nimekihama, nakaa na mama mmoja anayekaanga samaki pale soko la Feri, tunagawana kodi, na jioni tunakula vichwa vya samaki ambavyo wateja hawavitaki. Kazini naenda kwa miguu. Nikiendelea hivi bila kuugua, ni mwaka mmoja na miezi minne. Nimehesabu, nikahesabu tena. Ni muda mrefu, lakini una mwisho, na zamani haukuwa na mwisho.

Kwa hiyo hela ya korosho zako siitaki. Ikija Jumatano, Alhamisi imeshafika kwa wakopeshaji, na mwakani utakuwa unamkopa yule yule bwana akupe dawa ya salfa ya kupulizia mikorosho. Tutakuwa wadaiwa wawili badala ya mmoja. Mimi nimekaa ndani ya shimo hilo, nalijua lilivyo, na wewe huingii nikiwa naona.

Issa ana bahasha yako. Ndani mna laki mbili. Nimeuza ile simu kubwa, nikabaki na kitochi cha kupigia tu, na laini ni mpya. Namba nimeiandika nyuma ya bahasha. Hesabu fedha mbele ya Issa. Usinunue kitu, usimpe Bakari akushikie. Yule bwana akija, mwite mjumbe, mrudishie mbele yake, aandike kwamba amepokea. Akidai ongezeko kwa siku alizosubiri, mwambie anifuate Kariakoo. Nimezoea kudaiwa.

Msalimie Bakari, mwambie namshukuru kwa nia yake, lakini safari nyingine aniulize kwanza. Msalimie mke wake na wale watoto wasiojua kukaa kimya. Mwalimu wa madrasa mpe salamu zangu, umwambie mwanafunzi wake si mwizi. Na shangazi, tafadhali, mpelekee sukari kilo moja mkae mzungumze yale ambayo hata harusini hamkuyamaliza. Sasa unajua mtu anafikaje kuuza maua.

Najua utalia kidogo, kisha utasema mtoto huyu ana kiburi. Ninacho. Lia, ukimaliza ushike jembe. Jumatano yule bwana akukute shambani unapalilia, mpe fedha zake, na uendelee na kazi.

Ni mimi mwanao, ninayedaiwa na watu watano na simkimbii hata mmoja,

Somoe