Chupa Isiyoisha

Jumatatu, 4 Machi

Kosa la wengi ni kudhani kwamba kijana mwenye kisukari akishapata bingwa wa hospitali kubwa, daktari wa familia hana kazi tena. Bingwa humwona mara chache kwa mwaka. Mimi najua nani kwao kanuniana na nani.

Leo kaja baba wa yule binti wangu wa kisukari, fundi majokofu, kupima presha. Kajisifu: insulini ya bintiye siku hizi inakaa. Chupa iliyokuwa ikiisha upesi, mwezi wa pili huu na bado iko nusu. "Jokofu nimelitengeneza mwenyewe, daktari. Ubaridi wa uhakika."

Nikatabasamu kama mjinga. Ubaridi huzuia dawa isiharibike, hauizuii kupungua. Kinachoipunguza ni sindano. Na kama haipungui —

Jumatano, 6 Machi

Nilimwita binti, kaja peke yake. Miaka kumi na tisa. Namjua tangu anabebwa mgongoni. Anajifunza ushonaji kwa mama mmoja wa magauni ya harusi. Mifupa ya shingo imechomoza. Sukari iko juu mno. Nikamweleza — kwa kirefu, ndio ugonjwa wangu mimi — kwamba mwili usiopata insulini hujila wenyewe, ndiyo maana anakonda.

"Najua, babu. Ndiyo maana naruka sindano."

Kwa utulivu, kama anayetaja rangi ya uzi. Zamani alikuwa wa kupiga pasi nyuma ya pazia. Tangu akonde, mwalimu wake humvisha yeye kila gauni wateja walione. Humwita "mwili wa nguo".

"Ukimwambia baba, hunioni tena hapa."

Ni mtu mzima. Siri ni yake. Kakubali nimwambie bingwa tu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimempigia bingwa. Muungwana, kachoka. Kasema nimpeleke haraka akianza kutapika au kuhema. Na kabla ya hapo? Akanijibu: "Anayemjua ni wewe, mzee."

Jumanne, 12 Machi

Fundi kapita tena, safari hii si kwa kupima presha. Binti ataonyesha magauni Jumamosi, mbele ya watu. "Nyumbani tulikuwa tunamwita Tipwatipwa, daktari. Sasa mwone." Akacheka mpaka akafuta macho. Mimi nikajifanya nakunja mpira wa mashine ya presha.

Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakusema lolote kuhusu anayeficha maradhi ya mwenzake.

Alhamisi, 14 Machi

Binti yupo. Naandika wakati amekwenda chooni na kikopo cha mkojo. Kaja bila kuitwa — nashika hilo, sina jingine la kushika. Midomo imekauka, kiu haimwishi. Hatapiki, pumzi ni ya kawaida bado. Anachotaka ni kizunguzungu kimtoke kabla ya Jumamosi. "Nipe kidonge tu, babu, usinipe somo."

Somo sina. Mkojo ukionyesha asidi nyingi ya mwili unaojila, tunakwenda hospitali, apende asipende. Usipoonyesha, sindano za kila mlo tutazibishania siku nyingine. Nimeweka mezani moja tu, ile insulini ya kufanya kazi mchana kutwa na usiku kucha. Ndiyo inayomshikilia mtu asizimike.

Maji ya bomba yamenyamaza. Akiingia nitamwambia hili tu: choma hii leo, hapa hapa, nikikuona.