Likizo ya Ugiriki na Bafu Moja

Jumapili, mwishoni mwa Mei. Nyarero, nyumbani kwa mama. Mvua imekatika tangu juzi lakini baridi imebaki palepale, na ukungu umekaa juu ya migomba mpaka jua limepanda.

Mama amegoma kwenda Ugiriki.

Dada yangu Rhobi ameolewa na Mgiriki anayeitwa Yorgo, wanaishi Athene. Mama hajamtia Rhobi machoni miaka sita, na mjukuu wake anamjua kwa simu tu. Rhobi hawezi kuja, vibali vyake vya kuishi huko bado havijakaa sawa. Kiwanda anachofanya kazi Yorgo kinafungwa Agosti peke yake, na Agosti hiyohiyo Wagiriki wote wanakimbilia visiwani. Tukakubaliana kwamba mimi na mama tutawafuata huko, tukae wote pamoja. Kutafuta nyumba nikaachiwa mimi.

Nani mwingine? Kazi yangu ndiyo hiyo. Niko kambi ya watalii kule Serengeti, upande wa mto Mara, nawapangia wageni mahema. Bosi amenipa likizo kwa kununa, maana Agosti nyumbu wanavuka mto na hatupumui. Najua kuuliza nani hali nyama, nani anaogopa giza, nani hataki kulala karibu na nani. Nikapata nyumba nyeupe juu ya bahari, vyumba vitatu, baraza pana. Nikajisifu sana.

Jana nikamwonyesha mama picha. Alikuwa anachambua maharage. Akaitazama bahari, akatabasamu, akauliza vyumba viko wapi. Hiki chako, hiki changu, kile cha Rhobi na Yorgo. Akauliza bafu liko wapi.

Ni moja, nikasema. Lipo katikati.

Akaweka ungo chini.

"Bhoke, yaani mimi nitoke kuoga, nikutane na mkwe wangu amejifunga taulo?"

Na hapo sijamwambia kwamba huko Yorgo atashinda na kaptula ya kuogelea. Kwetu sisi Wakurya mama hampi mkwe wake mkono, hali naye meza moja, na kulala naye nyumba moja ndiyo kabisa haisemeki. Mume wa dada yetu mkubwa akija hapa kutoka Matongo, mama anahamia kwa jirani mpaka aondoke. Nimekua nikiona hivyo. Halafu mimi huyuhuyu, ninayewauliza wageni wa dunia nzima wanataka kulala vipi, mama yangu mzazi sikumuuliza. Niliangalia bahari tu. Nimejikasirikia mpaka kichwa kinauma.

Nimepiga simu kila mahali. Kisiwa kizima kimejaa. Wananijibu kwa sauti ileile ya upole ninayowajibu watu wanaotaka hema la Agosti dakika za mwisho, na sasa najua inavyoudhi.

Rhobi naye kwenye simu akapandisha hasira. "Mwambie huku ni Ulaya, azoee. Huyo ni mkwe, siyo simba." Nikamwambia, haya, mwambie mwenyewe. Hakuthubutu.

Mama alisema tu, "Nendeni nyie. Mtaniletea picha." Akaenda kulala bila kula.

Hapo ndipo nilipoogopa. Mama akigomba kuna matumaini. Akiongea kwa upole, jambo limekwisha.

Leo baada ya kanisa Yorgo akanipigia mwenyewe. Tunaelewana kwa Kiingereza cha kuokoteza, chake kibovu kuliko changu. Hakuuliza habari za bafu. Aliuliza amemkosea nini mama. Kila akitokea kwenye simu ya video kumsalimia, alisema, mama anageuza uso au anampa mtu mwingine simu. Miaka yote hiyo alijua anachukiwa, kwa sababu ya kumchukua binti akamweka mbali.

Nililia. Hakuna aliyewahi kumweleza, hata Rhobi! Nikamwambia kwamba mama angekuwa anamdharau, angemkodolea macho. Anamfichia uso kwa sababu ameshamkubali kuwa mkwe.

Kisha akasema ana binamu yake kisiwani, mwoka mikate, atalala kwake kwenye chumba cha juu ya tanuri. Nyumba iwe ya mama. Na shati atavaa, jua liwake litakavyo.

Juu ya tanuri. Mwezi Agosti.

Nikaenda jikoni kumwambia mama. Alikuwa anasonga ugali na hakunigeukia. Nikasema yote, hata habari ya kugeuza uso, hata kwamba Yorgo alidhani anachukiwa. Nikamaliza, nikasubiri. Mwiko ukaendelea kuzunguka, nikaanza kujuta kwamba nimefungua mdomo.

"Huko kwenye tanuri atakula nini?"

Sijui, nikasema. Mikate.

"Mwanaume mzima hashibi mikate." Akaepua sufuria. "Mwambie awe anakuja mchana. Nitapika mimi mwenyewe, chakula atakikuta mezani. Mimi nitakuwa nimeshatoka na mtoto."

Sikumuuliza kama hiyo maana yake amekubali kwenda. Kesho asubuhi nampeleka Tarime mjini kupiga picha za viza, kabla hajabadili mawazo.