Kompyuta Iliyopumzishwa

Jumanne

Na meneja wetu alifanya hivyo kwa nia njema, hilo ndilo linalonichefua zaidi.

Kabla ya kurudi chuoni Dar, Deo wangu aliniachia kazi moja tu: kuilinda kompyuta ya ofisi yetu hapa Nyakato. Aliipanga iigize kompyuta nyingine nzima yenye prosesa nne, yaani bongo nne, iwake na kufanya kazi humo ndani kama ya kweli. Siku tano mfululizo, bila kuzimwa. Pasipo matokeo ya jaribio hilo hahitimu.

Leo, siku ya nne, nimekuta skrini nyeusi, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Bibi harusi, ilikuwa inachemka, nikaipumzisha," meneja akasema huku anachokonoa meno. "Hata ng'ombe wa kulimia hupumzishwa."

Nilitamani anirudishie shikamoo yangu ya asubuhi.

Nikatoa barua ya Deo, ile anayoniita pumzi yake. Nyuma yake ameandika mipangilio yote, kwa mwandiko ule ninaoupenda mpaka nasikia aibu. Nikaanza upya, mstari kwa mstari, prosesa nne.

Kitambaa nimekuja nacho nyumbani, asiifunike tena.

Naogopa itazimwa tena, lakini kabla mwezi haujaisha nitapanda treni nikampe mume wangu diski yenye matokeo, mkononi.