Mashine ya Wanaoanza

Elibariki, ndugu yangu wa kujichagulia,

Vuta kiti ukae, kama huko mnakaa. Nina habari ya ndevu za baba yako, na sitaki uipate kwa mtu mwingine, maana ataipunguza utamu.

Kwanza ya nyumbani. Mvua zimekuja vizuri, kahawa imechanua mpaka Nkoaranga yote inanukia. Saluni yako pale Usa River haijafungwa. Mkeo amempangisha mama mmoja msusi, na kile kiti chako cha kuzunguka wanakikalia wanawake wakisubiri zamu. Nilipita nikakisalimia. Mimi bado ndiye dereva bora kuliko wote wanaopeleka watalii mbugani. Hilo halijabadilika, na nalisema kwa unyenyekevu.

Kilichobadilika ni kwamba nikishika kidevu, gari linataka lenyewe kukata kona ya kwako.

Sasa sikiliza. Siku ya kuanua matanga, ndugu zako walikaa pale nyuma ya nyumba kugawana kazi ulizoacha. Ng'ombe wakapata mtu. Kahawa ikapata mtu. Ndipo shangazi yako akauliza, "Na Mzee atanyolewa na nani?"

Kila mmoja akaanza kuangalia mikono yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Sababu unaijua. Mikono ya Mzee inatetemeka, hawezi kujinyoa. Tangu moyo wake ulipoanza kusumbua anameza zile dawa za kufanya damu iwe nyepesi, hivyo mkwaruzo ambao kwako na kwangu ni wa kulamba tu, kwake ni bomba lililosahauliwa wazi. Na mashine ya umeme hataki kuisikia. Inamtoa vipele, halafu anasema inamwacha uso kama shamba la mahindi lililovunwa. Ni wewe tu uliyekuwa ukimnyoa kila Jumamosi kwa ule wembe wako wa kukunja, unapiga mluzi, na tone halitoki.

Mdomo wangu unaujua. Nikasimama mbele ya ukoo wote wa Kimeru, mimi Mchaga wa kuja, nikasema, "Mzee nitamnyoa mimi." Na kama hiyo haitoshi nikaongeza kwamba kunyoa ni sawa na kuendesha gari, ni kuzijua kona tu.

Elibariki, sijawahi kumnyoa mtu. Sijawahi hata kujinyoa mwenyewe. Tangu ndevu zangu zihesabike, umeninyoa wewe.

Nikaanza kukwepa. Mara nina wageni, mara gari liko gereji. Kumbe kule juu baba yako ameacha kwenda kanisani. Alisema hawezi kukaa kiti cha mbele, mzee wa kanisa mzima, akiwa kama beberu. Jumapili ya kwanza watu wakadhani ni msiba tu. Zikafuatana nyingine. Akaacha kutoka hata barazani. Akaanza kurudisha sahani ya chakula nusu. Hapo mkeo akanipigia simu. Hakulalamika, unamjua. Alisema tu, "Shemeji, Mzee anamuulizia yule Mchaga aliyeahidi."

Nilipanda siku hiyo hiyo. Mkeo akanipa kasha lako. Niliufungua ule wembe, nikaushika kama ulivyokuwa ukiushika, na mkono wangu ukaniambia ukweli ambao mdomo haujawahi kuusema. Nikaufunga. Nikapita hospitali kumuuliza nesi. Akaniambia dawa za Mzee zisiguswe hata siku moja kwa sababu ya ndevu, nitafute kitu kisicho kikali, na niwe na pamba safi karibu ya kukandamizia kama itatokea.

Basi nikaingia mjini, karibu na soko kuu, kwa mama mmoja anayeuza vitu vya vinyozi. Nikamwambia nataka ile mashine ya mkono, ya chuma, ya kutia wembe. Akaniuliza kama nimeshawahi kuitumia. Nikamweleza habari za yule mtalii wa Kijerumani aliyekuwa akijinyolea kwenye kioo cha gari langu kila asubuhi kule kambini, na mimi nikimshikia maji. Yule mama akasikiliza mpaka mwisho, akanisogezea moja na kuniambia, "Chukua hii. Ni ya wanaoanza."

Niliona amenitukana. Mimi niliyefika Serengeti mara nyingi kuliko nyumbu, nikauziwe kitu cha wanaoanza? Nikaonyesha iliyo pembeni, yenye meno kama kitana. Akasema hiyo ni ya wazoefu. Nikamwambia, "Ndiyo yenyewe."

Nilijaribia usoni kwangu, maana siwezi kumjaribia baba wa mtu. Shemeji yako Anjela aliponiona natoka bafuni akaniuliza nimepigana na nani. Nikamwambia nimepigana na chui. Akasema, "Chui ameshinda."

Nikarudi. Safari hii nikachukua ile yenye pete shingoni, unaizungusha na wembe unatokeza zaidi au kidogo, kama gia. Nikasema hii imetengenezwa kwa ajili ya dereva. Sasa wewe niambie, ni dereva gani wa Arusha utakayempa gia akabaki kwenye namba moja? Nilihamia mguuni, kwa kuwa uso ulikuwa umejaa. Anjela akanikuta mguu mmoja una manyoya na mwingine hauna. Kwaya nzima ya parokia yetu inajua. Mwenyekiti wa kwaya sasa ananisalimia huku anaangalia suruali.

Mara ya tatu nilimwamkia yule mama kabla hata sijafika mlangoni. Nikamwambia anipe ile aliyoniambia tangu mwanzo.

Nikueleze ilivyo, maana wewe ulikuwa unazidharau. Ina vipande vitatu: kofia, kitako na mpini. Wembe unalala katikati, na ukingo wake umenyooka, hauna meno, kiasi kwamba wembe unachungulia tu kama mtoto nyuma ya kanga ya mama yake. Ndiyo maana haikati hovyo, hata mkono ukikosea kidogo. Mpini ni mzito, una michirizi ya kuzuia vidole kuteleza, na ni mrefu kiasi, unafaa kwa mikono yangu hii ya usukani. Uzito huo ndio unaofanya kazi. Wewe unaiongoza tu, unaiinamisha mpaka wembe uguse, unashuka polepole kufuata ndevu zilikoelekea, hatua fupi fupi, unasuuza. Ukisukuma, umeharibu.

Nilichelewa kuelewa hapo kwenye kusukuma. Nikakumbuka ulivyokuwa ukiniambia nikitikisika kwenye kiti chako: "Tulia, Prosper. Ngozi haishindwi, inabembelezwa." Miaka yote nilidhani unanisema mimi. Kumbe ulikuwa unaisema kazi. Mguu wa pili niliunyoa wote kwa mtindo huo, ukabaki laini, na damu hata ya kulisha mbu haikutoka.

Jumamosi nikaliacha gari chini, kile kinjia chenu kilikuwa kinateleza. Mzee walikuwa wamemkalisha barazani. Elibariki, zile ndevu. Nyeupe mpaka shingoni, na yeye ndani yake amekuwa mdogo. Nikamwamkia, "Shikamoo Baba." Akaitikia, "Marahaba, Mchaga. Umechelewa." Nikazipunguza kwanza kwa mkasi. Mkeo akaleta maji ya moto, nikamfunika taulo usoni mpaka ngozi ikalainika, nikampaka povu kwa brashi yako. Hiyo nilithubutu kuichukua.

Nilipoitoa mashine akanyoosha mkono kuitaka. Akaigeuzageuza, inatetemeka vidoleni mwake.

"Elibariki hakuwa na kitu hiki."

"Hakuwa nacho, Baba."

"Ni ya mafundi?"

Nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nimemwandaa yule Mjerumani na kambi yake na kioo cha gari, hotuba nzima, njiani kote naijaribu. Lakini yule mzee alikuwa anakaribia kunipa shingo yake.

"Ni ya wanaoanza, Baba. Naanza."

Hakuniangalia mimi. Aliangalia kule kwenye migomba, unakolala. Halafu akasema taratibu, "Basi tuko wawili. Mimi sijawahi kuzika mtoto."

Akanirudishia mashine, akaegemeza kichwa nyuma, akafumba macho.

Nilianza shavuni. Ule mlio wa ndevu chini ya wembe, nilikuwa nimeusikia maisha yangu yote nikiwa upande wa pili. Nikashuka hatua fupi fupi, nasuuza, nashuka tena, ungekuwepo ungepiga picha. Nilipofika kidevuni, akasema bila kufumbua macho, "Piga mluzi. Yule alikuwa anapiga." Nikapiga. Ulitoka kama birika linalokaribia kuchemka, lakini hakuniambia niache.

Nilipomaliza nikampangusa. Pamba ilibaki nyeupe kama ilivyotoka kwenye pakiti. Mkeo alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji. Aliliweka chini akaingia ndani, na hakutoka mara moja.

Mzee akajipapasa uso. Shavu hili, shavu lile, kidevu. Kisha vidole vikafika chini ya sikio la kushoto, pale mshipa unapodunda, na vikasimama. Nilikuwa nimeacha kishungi. Ule mshipa ulikuwa unaruka karibu sana na ngozi, nikaupitia mbali.

"Na hizi umemwachia nani?"

"Ni za wiki ijayo, Baba."

Akacheka. Kidogo, kwa pua, kama ulivyokuwa ukicheka wewe. Kisha akaulizia loshoro, akala mahindi yote na mtindi wake akakwangua bakuli.

Jumapili nilikwenda mwenyewe kumchukua. Mkatoliki mimi, nikakaa na Walutheri mpaka mwisho, na kuimba nikaimba, ingawa aliyekaa mbele yangu aligeuka mara kadhaa. Baba yako alikuwa kiti cha mbele. Kutoka nilipokaa nilikuwa naziona zile nywele nyeupe chini ya sikio, zinapigwa na jua la dirishani. Watu walimshika mkono pale nje, mmoja mmoja, na hakuna aliyezisema.

Wembe wako wa kukunja nimeupaka mafuta nikaurudisha kwenye kasha. Sitaugusa mpaka Mzee mwenyewe aniambie nimefika, na kama hataniambia, mashine yangu inatosha. Mkeo ukimwona ndotoni mwambie asinione haya. Simu yake naipokea hata nikiwa na simba mbele ya gari.

Nakuaga hapa, ndugu yangu. Pumzika bila wasiwasi wa nyumbani. Sijui kama mluzi wangu utakuja kufanana na wako, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu siahidi nisichokijua. Ninachokuahidi ni hiki: kile kishungi bado kipo chini ya sikio, na Jumamosi napanda kukimaliza. Nikikiogopa tena, nitapanda na Jumamosi nyingine.

Wako, anayeanza,
Prosper